Chakula cha Safari ya Hifadhini: Tulipie Kabla au Tubebe Vikapu?

Hivi karibuni kaya kumi na moja za mtaa mmoja wa hapa Ngarenaro zilikaa kitako kuamua jambo ambalo mtu wa mbali angeliona dogo. Kikundi chao cha kuweka akiba kilikuwa kimegawana faida ya mwaka, na wanachama wakaazimia kwamba safari hii fedha zote zisiishie kwenye mabati na ada za shule. Sehemu itumike kuwapeleka wazee na watoto kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo tumepakana nayo. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na wageni huvuka bahari kuja kuiona. Hata hivyo wengi wetu tuliozaliwa chini ya Mlima Meru tumezeeka bila kuikanyaga. Gari lilipatikana. Viingilio vilijulikana. Ubishi uliozuka, na kula mikutano miwili mizima, ulikuwa juu ya chakula.

Kampuni iliyoombwa kuwasafirisha ilileta karatasi yenye bei mbili. Bei ya kwanza ilikuwa ya gari, kiongozi na viingilio. Ya pili ilihusu kile walichokiita mpango wa chakula: chai ya asubuhi, boksi la mchana na mlo wa jioni katika mkahawa mmoja njiani wakati wa kurudi. Mtu mzima shilingi 38,000, mtoto shilingi 25,000. Fedha zilipwe wiki mbili kabla, na zikishalipwa hazirudishwi. Wasafiri walikuwa 26, watu wazima 16 na watoto 10. Nasi, kwa kuwa tu wakazi wa mtaa huo na tumezoea kushika kalamu vikaoni, tuliombwa kupiga hesabu. Watu wazima ni shilingi 608,000. Watoto ni shilingi 250,000. Jumla shilingi 858,000. Kikao kilinyamaza kwa muda.

Lazima tukiri kwamba mambo haya hatukuyaingia tukiwa na moyo mweupe. Mwaka juzi tulisafiri na wenzetu kuelekea Ngorongoro, tukiwa tumelipia kabla mlo wa mchana katika hoteli moja ya Karatu. Baina ya Makuyuni na Mto wa Mbu gurudumu likapasuka, na la akiba nalo likawa halina upepo. Tulipofika Karatu saa kumi na nusu meza zilikuwa zimekwisha kufutwa. Mhudumu, kijana mwenye adabu nyingi, akatueleza kwamba mlo wa mchana hukoma saa tisa na kwamba fedha zetu hazikuwa mikononi mwake. Tukanunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara, tukala tukiwa tumekwisha kulipia kuku. Kwa hiyo msomaji apime maneno yetu akijua kwamba kidonda hicho bado tunacho.

Lakini kidonda si hoja. Hoja ni kuuliza fedha hizo zinanunua nini. Anayeuza chakula kabla hajakipika anauza vitu viwili kwa pamoja: chakula chenyewe, na utulivu wa moyo wa kutokufikiria chakula. Utulivu huo una thamani, wala hatuudharau. Lakini muuzaji naye anajua kwamba kila kundi lina watakaoshiba mapema, watoto watakaoumwa tumbo, na wazee watakaosema wana usingizi. Boksi lisilofunguliwa na sahani isiyopakuliwa vimekwisha kulipiwa. Hapo ndipo faida nyingine inapokaa, na halali yake inategemea jinsi mnunuzi alivyoelezwa mapema.

Jambo hili si la Arusha peke yake. Huko Florida, Marekani, kwenye bustani kubwa za michezo za Walt Disney World, wageni huuziwa mpango wa namna hiyo hiyo. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, ukarudishwa Januari 2024, na mwaka huo mtu mzima alitozwa zaidi ya dola 57 kwa kila usiku kwa mpango ulio mdogo. Tena kuna sharti: waliomo katika chumba kimoja, tangu mtoto wa miaka mitatu, hununua wote au huacha wote. Baba hawezi kulipia na mama akala mkate wake wa mfukoni. Familia za huko nazo hukaa mezani na kalamu kabla ya kufunga safari, zikihesabu ni milo mingapi zitakayokula kweli. Ikiwa watu wenye vipato vikubwa kuliko vyetu hawaoni haya kuhesabu, sisi tuone haya ya nini?

Tuliporudi kwenye karatasi yetu, tuliuliza kwanza habari ya siku yenyewe. Kutoka Ngarenaro hadi lango la Ngongongare, ukipitia Tengeru na kukunja Usa River, ni mwendo usiofika saa mbili hata kwa gari la wazee. Ukiondoka saa kumi na mbili alfajiri, unawahi kuingia mapema, unazunguka kreta ya Ngurdoto, unatazama twiga na nyati pale wanapopaita Serengeti Ndogo, unakwenda maziwa ya Momella kuwaona heroe, na saa kumi na moja jioni unaweza kuwa Usa River ukirejea nyumbani. (Ni mandhari hayo hayo ya Momella yaliyoonekana katika filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, na wazee wetu wengine wanaijua filamu kuliko ziwa.) Sasa mlo wa jioni saa kumi na moja, kwa watu waliokula saa nane na wenye masufuria yao umbali wa dakika chache, ni wa nini? Tuliiomba kampuni iuondoe na kupunguza bei. Ilijibu kwamba mpango hauvunjwi vipande.

Pili tuliuliza ndani ya boksi mna nini. Tuliambiwa: kipande cha kuku wa kukaanga, yai, mkate wenye siagi, soseji, keki, tunda na juisi ya pakiti. Ni chakula cha kumtosha mtalii aliyekula asubuhi kwenye hoteli. Bibi wa miaka sabini aliyezoea wali na mboga hatashiba nacho. Hapo pia mzee mmoja, kwa upole, akauliza kuku huyo kachinjwa na nani na soseji imetengenezwa kwa nyama gani. Mjumbe wa kampuni hakuwa na jibu la yakini. Katika mtaa wenye Waislamu na Wakristo waliokula pamoja miaka yote bila ya kuulizana maswali ya namna hiyo, kwa kuwa kila mtu anajua kwa jirani yake nani kashika kisu, swali hilo halikuwa la uchokozi. Lilikuwa linataka jibu tu, na jibu halikupatikana.

Tatu, na hili ndilo lililotukalia moyoni, kaya tano kati ya kumi na moja zilisema wazi kwamba haziwezi kulipia mpango huo. Zimemudu nauli na viingilio; zaidi ya hapo haziwezi. Mjumbe akasema hakuna tatizo, wanaotaka walipie na wasiotaka wabebe chao. Kwa karatasi ni jibu zuri. Lakini jaribuni kuiona picha: watoto kumi wa mtaa mmoja, wanaosoma shule moja, wameketi kwenye meza za mapumziko kando ya ziwa. Sita wanafungua maboksi yenye keki na juisi. Wanne wanafungua kitambaa chenye viazi vitamu. Mtoto hasahau jambo hilo. Atawasahau twiga, lakini boksi la mwenzake atalikumbuka hadi uzeeni. Kikundi kilichojengwa kwa miaka mingi juu ya hisa za usawa kingerudi mjini kikiwa kimegawanyika makundi mawili.

Hata hivyo tungekuwa si waaminifu kama tungeficha hoja ya upande wa pili, maana ilitolewa kwa nguvu na ilitunyamazisha. Baada ya baadhi ya wanaume kusema kwa wepesi kwamba "akina mama watapika tu," mama mmoja alisimama. Alisema yeye hupika kila siku ya Mwenyezi Mungu, na kwamba fedha alizoweka akiba mwaka mzima aliziweka ili siku moja asipike. Akipika usiku kucha, alisema, asubuhi atasinzia garini, na wanaume watamhadithia twiga walivyokuwa. Kama chakula cha kubeba maana yake ni mapumziko ya baba na kazi ya mama, basi yeye yuko radhi kulipa hizo 38,000. Tunakiri kwamba hesabu zetu zote hazikuwa na safu ya jasho hilo. Wengi wanaosema chakula cha nyumbani ni rahisi huhesabu mchele na nyama, wakamsahau mpishi.

Ndipo lilipokuja wazo la kumwendea mama lishe wa mtaani, ambaye huwapikia mafundi na wachuuzi, na kumlipa ujira kamili kama anavyolipwa mtu mwingine yeyote wa kazi. Tuliandika naye bei, yeye akiitaja na sisi tukiandika. Mchele kilo tano, nyama ya ng'ombe kilo tano, mafuta, vitunguu na viungo vya pilau kutoka Soko la Kilombero, shilingi 100,000. Maandazi, chapati na chai ya maziwa ya asubuhi, shilingi 55,000. Maji ya chupa na ndizi, shilingi 42,000. Mkaa, shilingi 8,000. Ujira wake na wa msaidizi wake, shilingi 60,000. Jumla shilingi 265,000, ambayo haifiki hata theluthi ya bei ya mpango. Ukigawa kwa watu 26 ni kama shilingi 10,200 kwa kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, na kaya zote kumi na moja zilisema zinaimudu. Tusidanganyane: mlo wa jioni haumo katika hesabu hii. Kila mtu atakula kwake.

Chakula cha kubeba kina masharti yake, na asiyeyafuata atajuta. Pilau isipikwe jioni ya kuamkia safari ikalala imefunikwa, maana wali uliolala na joto ndani ya chombo huharibika na kuwaumiza watu. Ipikwe alfajiri na kutiwa kwenye mahotipoti moto moto. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo vikapu na vyombo vya kurudi navyo. Hifadhini huwashi moto wa kupashia chakula, huwarushii wanyama makombo, na takataka zako unaondoka nazo. Nyani wa huko wamekwisha kuzijua tabia za binadamu. Ukigeuka nyuma umepoteza ndizi.

Isieleweke kwamba tunamshauri kila msafiri akatae chakula cha kulipia kabla. Anayeteremka kreta ya Ngorongoro yuko katika hali nyingine. Ukingo wa kreta hiyo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake za Juni na Julai ni za baridi kali, magari yanayoruhusiwa kushuka ni yale yenye nguvu ya magurudumu yote manne, na ukishafika chini, mita kama 600 kutoka ukingoni, hakuna genge la kukimbilia. Huko boksi lililoandaliwa vizuri lina maana, ingawa pale Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, mwewe hushuka na kukunyang'anya kuku mkononi kabla hujasema bismillahi. Madereva wenye uzoefu huwaambia wageni wale ndani ya gari. Kadhalika anayepanda Mlima Meru kwa siku tatu au nne, akilala Miriakamba na kisha Saddle, hana budi kulipia wapishi na wapagazi, na akitafuta urahisi hapo anautafuta juu ya migongo ya vijana wetu. Aidha mtu anayesafiri peke yake, au na mgonjwa, anaweza kuona kwamba utulivu wa moyo unastahili bei. Aulize tu mambo manne kabla hajatoa fedha: ni milo mingapi atakayokula kweli, ndani yake mna nini, gari likichelewa itakuwaje, na fedha zinarudi au hazirudi. Majibu yaandikwe, yasisemwe kwa mdomo tu.

Kikundi cha mtaa wetu kilipiga kura, na mpango wa kampuni ukakataliwa kwa kura nyingi; yule mama aliyesimama naye alinyoosha mkono, baada ya kuhakikishiwa mbele ya wote kwamba hakuna mwanachama atakayeosha sufuria. Safari ilifanyika siku ya Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, na ndizi zilinunuliwa huko huko njiani kwa bei nafuu kuliko ile tuliyoandika. Katika siku za mwisho mama lishe alikuwa ameuliza, kana kwamba anafanya mzaha, kama kuna kiti kilichobaki, kwa kuwa naye hajapata kuingia hifadhini. Nauli na kiingilio chake vililipwa na kikundi, nje ya ujira wake. Alikaa mbele karibu na dereva, mahotipoti yakiwa miguuni pake, na saa nane ya mchana kando ya Momella watoto wote kumi walipanga mstari mmoja.