Entebbe: Asili ya Bustani ya Mimea Kando ya Ziwa

Jina la Entebbe latokana na neno la Kiganda *entebe*, yaani kiti. Mapokeo yasimulia kwamba Mugula, mtawala wa zamani wa rasi ile, alikuwa na viti vilivyochongwa katika mwamba wa ufukweni, na hapo ndipo alipoketi kuamua mashauri ya watu. Msemaji wa Kirundi au wa Kinyarwanda hahitaji mkalimani: kwake kiti ni *intebe*. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal aliichagua rasi hiyo iwe makao ya utawala wa Kiingereza. Mwaka 1898 bustani ya mimea ikaanzishwa mteremkoni, ziwa likiwa chini yake.

Neno *bustani* lililetwa na Kiajemi, na asili yake ni mahali pa harufu nzuri. Hata hivyo, ile ya Entebbe haikuanzishwa kwa ajili ya harufu wala matembezi. Ilikuwa shamba la majaribio. Msimamizi wake wa kwanza, Alexander Whyte, alikuwa ametoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ambako mwerezi wa mlima Mulanje, *Widdringtonia whytei*, wabeba jina lake hadi sasa. Kazi ilikuwa kupanda mbegu za kigeni, kama vile mpira wa Amerika ya Kusini na kakao, ili ijulikane ni zipi zitakazostawi na kuipatia serikali mapato. Kuhusu kahawa, Waganda hawakungoja bustani: walikuwa na aina ya robusta tangu zamani, na watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana buni zake.

Msitu wa ufukweni ulipata adui mwingine. Kuanzia mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika Buganda, Busoga na visiwa vya ziwa. Mwaka 1903 watafiti waliokuwa Entebbe walithibitisha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Kwa kuwa mdudu huyo hupenda kivuli kilicho karibu na maji, vichaka vya pwani vilifyekwa, na mwaka 1906 wakazi wa ufukweni wakaamriwa kuhama. Ndiyo sababu kipande cha msitu kilichobaki bustanini, pamoja na mitambaazi na mbega wake, kina thamani kuliko ukubwa wake. Bustani nzima ni hektari 40 hivi.

Kongo nayo ilipata bustani ya namna hiyo huko Eala, karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Émile Laurent, si kando ya ziwa bali kando ya mto Ruki. Wakati wataalamu wa Eala wakioteshea miche kwenye vitalu, wanavijiji wa Équateur walikuwa wakilazimishwa kwa bunduki na mijeledi kukamua mitambaazi ya porini. Utomvu wa vitalu na ule wa porini, Kiswahili huviita vyote viwili kwa neno moja tu: mpira.