Mji, Pindo na Jina: Kutunga Bango la Utafiti wa Ngozi

Jumatatu baada ya harusi, kwenye foleni ya zahanati ya Likoni, Kisauni au Changamwe mjini Mombasa, usishangae kumwona mwanamke aliyeficha mikono ndani ya buibui. Akiitoa, utaona maua yale yale aliyochorwa Alhamisi, ila sasa yamevimba. Kila jani na kila kikonyo kimeinuka juu ya ngozi, kinawasha, pengine kimefanya malengelenge. Muuguzi anaandika kwenye rejista "mzio wa ngozi", anampa krimu, anamwita anayefuata. Mwaka ukiisha, rejista inafungwa na kuwekwa kabatini. Ndani yake mna jambo ambalo madaktari wa ngozi wa nchi nyingine wangependa kulisikia, na hakuna aliyewaambia.

Makala haya ni ya muuguzi huyo na ya afisa wa kliniki wa chumba cha pili. Ni ya msomaji wa kawaida pia, anayejiuliza jinsi jambo lililoonekana zahanatini linavyofika kwenye kongamano la wataalamu. Aghalabu halianzii kwenye jarida wala kitabu. Linaanzia kwenye bango.

Bango la utafiti ni karatasi moja kubwa, mara nyingi ya kipimo cha A0, yaani milimita 841 kwa 1,189. Huandikwa swali, njia iliyotumika, matokeo na maana yake, kisha hutundikwa ukumbini pamoja na mengine mengi, na mwenyewe akasimama kando yake saa moja au mbili kuwajibu wapitao. Siku hizi makongamano mengi hutaka bango la kwenye skrini badala ya karatasi. Kwa vyovyote, msomaji wa bango hakai. Anapita, ana kikombe cha chai mkononi, na ana mabango mengine mia ya kuyatazama.

Nilipotunga bango langu la kwanza sikulijua hilo. Nililijaza maneno toka juu hadi chini, majedwali manne, herufi za kutafuta kwa miwani. Nilisimama kando yake asubuhi nzima. Wapitao walitabasamu, wakaenda zao.

Nilirudi Mombasa, na somo nililipata Barabara ya Biashara, mbele ya maduka ya leso. Leso ni kubwa kidogo kuliko karatasi ya A0, na imeshatatua tatizo lile lile. Ina pindo linaloizunguka pande zote. Ina mji, ile sehemu ya katikati yenye pambo kuu. Na ina jina, mstari mmoja wa maneno ambao mpita njia anausoma bila kumsimamisha aliyejifunga. Hakuna mtunga leso aliyewahi kuandika majina manne kwa kuogopa kwamba moja halitatosha. Mwaka 2019 mwanafunzi wa Marekani, Mike Morrison, alisambaza video akiwahimiza wanasayansi waweke tokeo kuu katikati ya bango, kwa herufi kubwa na lugha nyepesi, na maelezo mengine yakae pembeni. Wengi waliona ni mapinduzi. Mwanamke wa Likoni angeliona ni leso.

Basi tutunge bango letu kwa mpangilio huo, na tuanze na jina, kwa sababu pasipo swali hakuna jina.

"Madhara ya piko Mombasa" si swali, ni bahari. Hina halisi hutokana na majani ya mhina, na rangi yake ni ya kahawia au ya machungwa. Huhitaji saa nyingi kukolea na ni mara chache kuudhuru mwili. Piko, ule wino mweusi wa kuchorea maua, ni kitu kingine. Weusi wake wa haraka hutoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, na hauruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi kwa mapambo. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Kwa anayeanza kuipokea, mwili unaweza kuchukua wiki moja hadi mbili kabla ya kuikataa. Aliyekwisha kuikataa zamani huwashwa ndani ya siku moja hadi tatu. Na mwili ukishaikataa hausahau: bibi harusi wa leo akipaka rangi ya nywele miaka kumi baadaye, anaweza kuamka uso umefura na macho hayafunguki.

Ukiyajua hayo, swali linajichonga lenyewe: kati ya wagonjwa wote waliokuja kwetu na vipele vya mikono na miguu katika miezi sita, wangapi walikuwa wamepakwa piko ndani ya wiki mbili zilizotangulia? Tazama lilivyobanwa. Lina mahali, lina muda, lina kundi la kuhesabia, na zile wiki mbili hazikuokotwa; zimetokana na tabia ya kemikali yenyewe. Zaidi ya yote, linaweza kujibiwa na mtu mmoja mwenye rejista, kalamu na subira.

Hapa ndipo mabango mengi huvunjikia. Mwandishi huandika "wagonjwa 20 walidhurika" asiseme 20 kati ya wangapi. Ishirini kati ya 25 ni habari nyingine kabisa na ishirini kati ya 600. Wengine huruka mpaka kwenye neno ambalo hesabu yao haiwezi kulibeba, kwamba asilimia fulani ya maharusi wa Mombasa wanadhurika. Rejista ya zahanati haiwajui waliobaki nyumbani wakapaka mafuta ya nazi, wala walionunua krimu dukani, wala waliopakwa piko wasipate neno. Inawajua waliokuja tu. Vilevile, mzio wa PPD huthibitishwa kwa kubandika kiasi kidogo cha kemikali mgongoni kwa siku mbili na kusoma ngozi baada ya hapo, kipimo ambacho zahanati ya kawaida haina. Kwa hiyo tutaandika "tulishuku", hatutaandika "tulithibitisha". Bango linalotaja mipaka yake halidharauliwi. Linalodharauliwa ni lile ambalo mpita njia anaitaja mipaka hiyo kabla ya mwenyewe.

Sasa pindo, ambalo ni idhini. Watu hudhani kwa kuwa rejista ni yao, hesabu zake ni zao. Sivyo. Hata kufungua kumbukumbu za zamani kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, ile Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, pamoja na ruhusa ya kaunti na ya kituo chenyewe. Kibali huombwa kabla ya kazi. Kamati haikirudishi nyuma, na fomu nyingi za makongamano huuliza kama kilipatikana. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayozihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Kwa wenye kushughulika na ngozi, mtego mkubwa ni picha. Desturi ya zamani ilikuwa kuziba macho kwa mstari mweusi na kudhani mgonjwa amesitirika. Mkono wa bibi harusi hauna macho, lakini wote waliohudhuria harusi wanalijua ua lile, aliyelichora analijua, na lilikwisha kuwekwa hadhi ya WhatsApp tangu usiku wa hina. Kwa hiyo kata picha ibaki sehemu ndogo tu ya ngozi, ua lisitambulike, na uombe ridhaa ya picha peke yake, mbali na ridhaa ya matibabu, ukimweleza wazi itaonyeshwa wapi na kwa nani. Akikataa, mtibu vilevile. Na picha za wagonjwa zisipitie makundi ya simu: ni kuvunja siri, na tena programu hizo huzibana picha hata zikichapishwa kubwa zinatoka zimefifia.

Ikipigwa vizuri, picha hiyo ndiyo mji wa leso. Piga mchana karibu na dirisha, bila mwako wa kamera unaoing'arisha ngozi, juu ya kitambaa cha rangi moja, na rula ndogo pembeni kuonyesha ukubwa. Thamani yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Vitabu vingi vya ngozi vilivyofundisha dunia vimejaa picha za ngozi nyeupe, na neno lao la kwanza kuhusu ngozi iliyovimba ni "nyekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana zambarau, kahawia au kijivu, na ukipoa huacha doa jeusi zaidi au weupe unaokaa miezi. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, kwa kuwa darasani hakuwa akifundishwa kuziona. Likoni haihitaji kijitabu kuiona ngozi hiyo. Inaamkiana nayo kila asubuhi kwenye feri.

Kabla ya bango kuna ikisiri, na hiyo ndiyo inayopelekwa kwanza, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya kongamano. Kwa kawaida hupewa maneno 250 au 300: usuli, njia, matokeo, hitimisho. Wasomaji wa kamati wana lundo mbele yao. Sentensi kama "matokeo yatajadiliwa" huwaambia kwamba kazi haijafanywa, nao huiweka kando. Toa tarakimu. Kichwa kiseme kilichopatikana, kisiishie kutaja mada. Kisha soma masharti ya kongamano mara mbili, kwa kuwa kazi njema hukataliwa kwa sababu za kitoto: maneno yamezidi kwa kumi, jina la zahanati limeachwa mahali ambapo waamuzi hawapaswi kulijua, au mwasilishaji hakujisajili kwa wakati.

Orodha ya waandishi nayo huvunja urafiki. Utaratibu unaofuatwa na majarida ya tiba humtaka mwandishi awe amechangia wazo au takwimu, ameandika au kusahihisha, ameidhinisha nakala ya mwisho na yuko tayari kuijibia. Bosi hawi mwandishi kwa ubosi wake. Na muuguzi aliyebuni swali na kukusanya takwimu asiishie kwenye mstari wa shukrani.

Upeleke wapi? Si lazima uanze ng'ambo ya bahari. Kongamano la dunia la madaktari wa ngozi lilianza Paris mwaka 1889 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne; la 2023 lilikuwa Singapore. Ni shabaha nzuri, ila nauli yake si ya mshahara wa zahanati. Karibu zaidi ni Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha RDTC katika hospitali ya KCMC, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kinachowafundisha maafisa wa kliniki na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika. Kituo hicho huwa na mkutano wa kila mwaka mwezi Januari. Kutoka Mombasa unapitia Voi na Taveta, na safari ni fupi kuliko ya Nairobi. Wanaokusanyika huko wameshaona ngozi kama unazoziona wewe, na maswali yao yatakunoa kuliko makofi ya wageni.

Jihadhari na barua pepe za sifa tele. Kongamano linalokuita "profesa mashuhuri" hali hujawahi kuandika chochote, linalokubali ikisiri usiku ule ule na kudai ada asubuhi yake, ni la matapeli. Kongamano la kweli lina kamati yenye watu wanaojulikana, na lina historia unayoweza kumuuliza mtu aliyelihudhuria.

Ukishakubaliwa, chapisha. Anayechapisha mabango ya wanasiasa anaweza kuchapisha lako. Mwambie atumie kitambaa kama anacho: kinakunjwa, kinaingia mkobani, na hakikupi shida garini kama lile bomba refu la karatasi. Andaa maneno ya dakika moja ya kumwambia anayesimama, kisha nyamaza umwachie aulize.

Lakini leso haiuzwi kipande kimoja, huuzwa doti. Bango nalo lichapishwe doti. Kipande cha kwanza, kwa Kiingereza na kwa tarakimu, kiende Moshi. Cha pili kiwe cha Kiswahili, kitundikwe kwenye ukuta wa zahanati ambapo foleni ya Jumatatu hukaa, kikisema hina ni ipi na piko ni ipi, na aliyewahi kuwashwa aepuke nini maisha yake yote. Kabla ya kukitundika, kipeleke kwa mwanamke anayewachora maharusi wa mtaa. Yeye anajua kuliko sote namna ya kuandika jambo likaonekana kwa mbali. Na akikisoma mara moja akauliza, "Kwani unasema nini hapa?", usimweleze. Rudi ukakiandike upya.