Sifuri na Nafasi Tupu: Maelezo juu ya Daftari la Alama la Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi daftari la alama linavyotunzwa katika mfumo wa kufundishia kwa kompyuta, na kuonyesha kwamba makosa mengi ya daftari hilo ni makosa ya maana kabla hayajawa makosa ya hesabu. Mfano nitakaoutumia ni wa Moodle, programu iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho huitumia.

Jambo lenyewe lilinijia nilipokuwa nikizungumza na walimu wa Kibaha na wa Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Pande hizi mbili zina historia ya shule inayojulikana. Minaki, huko Kisarawe, ndiko kilikohamia Chuo cha Mtakatifu Andrea mwaka 1925 kutoka Kiungani, Unguja. Kibaha nako kulianzishwa mwaka 1963 kituo kilichosaidiwa na nchi za Nordic, kikakabidhiwa serikali mwaka 1970, na ndicho Shirika la Elimu Kibaha la leo. Katika shule zetu za zamani daftari la karatasi lilikuwa na desturi zake. Mwanafunzi asipofanya jaribio, mwalimu aliacha mahali pake wazi au alitia kistari, na kila aliyelifungua daftari alielewa. Kompyuta haina desturi; hufuata ilivyoagizwa, basi.

Mwalimu mmoja wa Kisarawe alinionyesha alama za mwanafunzi wake aliyeugua siku ya jaribio la tatu. Katika jaribio la kwanza alipata 60, na katika la pili 70. Wastani uliotolewa na mfumo ulikuwa 43. Mwalimu alidhani kompyuta imekosea kujumlisha. Haikukosea: ilichukua 130 ikagawa kwa tatu, kwa kuwa iliagizwa kuhesabu kila nafasi tupu kuwa sifuri. Kama ingeagizwa kuziacha nafasi tupu, ingegawa kwa mbili na kupata 65. Kwa madaraja ya mtihani wa kidato cha nne, 43 ni D na 65 ni B. Agizo moja tu limemshusha mtoto madaraja mawili, naye hajakosa swali lolote.

Hapa mwanalugha ana la kusema. Neno sifuri tumelipata katika Kiarabu, na huko asili ya maana yake ni utupu. Basi neno lenyewe huchanganya mambo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyatenganisha. Lakini kitenzi chetu huyatenganisha vizuri sana. Twasema hajafanya, twasema hakufanya, na twasema amesamehewa. Aliye hajafanya bado anangojewa, na nafasi yake yafaa ibaki tupu. Aliye hakufanya muda umempita wala hana udhuru, naye astahili sifuri iliyoandikwa kwa mkono wa mwalimu. Aliyesamehewa hutolewa katika hesabu ya jaribio hilo, na mfumo una mahali pa kuonyesha hivyo kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Moodle ikiachwa ilivyo, huziruka nafasi tupu. Agizo hilo ni jema kwa mgonjwa, ila humpendelea mtoro: aliyefanya jaribio moja tu kati ya matatu, akapata 70, huonekana na wastani wa 70. Kwa hiyo haitoshi kuchagua agizo lililo bora. Yampasa mwalimu aamue, kwa kila nafasi tupu, ni kitenzi kipi kinachoihusu.

Neno la pili ni daraja. Alama ni hesabu; daraja ni hukumu juu ya hesabu hiyo, na mipaka yake huwekwa na watu. Alama 75 ni A katika mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambako A huanzia hapo. Katika kidato cha sita A huanzia 80, kwa hiyo 75 ni B. Katika Moodle isiyobadilishwa, ambako A huanzia 93, alama hiyo hiyo ni C. Herufi ni zile zile, maana si ile ile. Mwalimu asiyeweka mipaka ya kwake kabla ya kufungua daftari atakuwa anasema lugha ya wageni kwa maneno anayodhani ni yake.

Jambo la tatu ni mahali pa kusahihisha. Alama ya zoezi huandikwa penye zoezi lenyewe, kisha mfumo huipeleka daftarini. Mwalimu akiiandika moja kwa moja katika daftari, mfumo huishika kuwa neno la mwisho. Baadaye akilisahihisha zoezi upya na kumwongeza mwanafunzi alama, daftari halibadiliki, na mwanafunzi hubaki na alama ya zamani. Yafaa basi kila alama irekebishwe ilikozaliwa. Kadhalika yafaa nakala ya daftari ichukuliwe mara kwa mara na kuwekwa nje ya mfumo, maana umeme na mtandao havina ahadi.

Kwa upande wa istilahi, napendekeza tushike maneno ambayo walimu wanayo tayari: alama kwa hesabu, daraja kwa herufi, wastani, uzito kwa sehemu ya kila jaribio katika jumla, na nafasi tupu kwa mahali pasipoandikwa kitu. Maksi ni neno la mazungumzo, wala sioni haja ya kulifukuza. Lakini sifuri na nafasi tupu tusikubali kamwe zitumike kwa maana moja. Yule mwanafunzi wa Kisarawe alifanyiwa jaribio la tatu alipopona. Laiti mwalimu wake asingeshangazwa na ile 43, daftari lingeendelea kusema kwamba hakufanya, na kweli ilikuwa kwamba hajafanya.