Seva Iliyo Nyuma ya Daftari la Kasongo

Kila mwezi vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, hujumlisha yaliyoandikwa katika madaftari yao, kama vile wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua, kisha jumla hizo hupelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, ambako huingizwa katika DHIS2, programu inayotumiwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kukusanya taarifa za zoni zake 519. Hesabu za aina hii si ngeni Kasongo, kwa kuwa katika miaka ya 1970 watafiti wa Mradi wa Kasongo walifuatilia uhai wa watoto waliochanjwa surua, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kilichobadilika ni ghala la hesabu zenyewe, ambalo sasa ni seva, yaani kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana ili kuzihudumia kompyuta nyingine zilizo mbali.

DHIS2, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na ambayo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, haiwezi kusimama peke yake. Huhitaji PostgreSQL, ambayo ni kanzidata inayozitunza tarakimu. Huhitaji Java, ambayo ndiyo inayoiendesha. Na huhitaji Tomcat, ambayo hupokea maombi ya watumiaji na kuwarudishia majibu. Zote hizi kwa kawaida huwekwa juu ya Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, mara nyingi katika sura yake iitwayo Ubuntu.

Katika Ubuntu programu hufika kama kifurushi, yaani mkusanyo wa faili ulioambatana na maelezo ya toleo lake na ya vifurushi vingine ambavyo hauwezi kufanya kazi bila hivyo, yaani tegemezi zake. Msimamizi wa seva anapotoa amri ya kusakinisha PostgreSQL, chombo kiitwacho apt huitafuta katika hazina rasmi, huhakiki sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba orodha ya vifurushi haikuchezewa njiani, huleta tegemezi zote, na huweka kumbukumbu ya kila kilichowekwa, hata siku ya kukisasisha au kukiondoa kisibaki kipande kisichojulikana kimetoka wapi.

DHIS2 yenyewe, hata hivyo, kwa kawaida haipitii njia hiyo, bali hupakuliwa ikiwa faili moja na kuwekwa ndani ya Tomcat. Kwa hiyo apt haiitambui, wala haitamwambia msimamizi kwamba toleo lake limepitwa na wakati au kwamba toleo jipya linadai Java mpya zaidi. Ni juu yake mwenyewe kulifuatilia. Uzito wa jambo hili ulidhihirika Desemba 2021, kasoro kubwa ilipotangazwa katika Log4j, kijenzi cha kuandika kumbukumbu kilichomo ndani ya programu nyingi za Java, na wasimamizi wengi duniani wakalazimika kwanza kuuliza kama walikuwa nacho.

Kusasisha nako kuna hatari yake. Toleo jipya la DHIS2 linapowashwa kwa mara ya kwanza hubadilisha muundo wa kanzidata, na toleo la zamani haliwezi tena kuisoma, hivyo njia pekee ya kurudi nyuma ni nakala rudufu iliyochukuliwa kabla ya kazi kuanza. Nakala hiyo hutunzwa nje ya seva, na hujaribiwa kwa kurejeshwa kwenye seva nyingine, kwani isiyowahi kurejeshwa haijathibitisha lolote.

Nakala ikikosekana, yanabaki madaftari. Muuguzi wa Kabambare anaweza kuzijumlisha upya hesabu za mwezi mmoja; hesabu za miaka, katika zoni 519, hakuna atakayezirudia.