Simu nzima, wenyewe wameondoka

Shikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati simu inawaka, hadi alama ya mshangao itokee kwenye kioo. Kisha bonyeza kimoja kimoja: sauti juu, sauti chini, washa, sauti chini. Ukikosea mpangilio, umefanya kazi bure. Ukipatia, kioo kinaingia giza, magurudumu yenye meno yanaanza kuzunguka, na baada ya dakika chache simu inaamka haina nywila, haina picha, haina jina la mtu hata mmoja.

Fundi wa simu niliyemkuta Mbinga mjini hajaandika hatua hizi popote. Ziko vidoleni. Aliponionyesha, alizipiga kwanza kwenye ukingo wa meza, huku mkono mwingine ukiendelea kuchomoa skrubu za simu ya mteja.

“Huu ndio ufunguo wa Lumia,” alisema. “Mlango unafunguka vizuri tu. Shida ni kwamba ndani hamna mtu.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nivute benchi.

Anayo Lumia yake mwenyewe kwenye droo, Nokia Lumia 520 ya njano, toleo la mwaka 2013. Ni simu nzuri, na sioni sababu ya kuficha kwamba niliitamani. Njano hiyo haikupakwa juu. Plastiki yenyewe ni ya njano, kwa hiyo pembe zilizogongwa miaka yote hiyo hazijatoa weupe. Kifuniko cha nyuma kinapanda hadi ubavuni na kutoka chote kwa pamoja, kikiondoka na vitufe vyake, na ndani unabaki mkononi na kipande cheusi chembamba kinachoonekana kama kimevuliwa nguo. Kioo ni cha inchi nne, na kinaitikia hata ukikigusa kwa ukucha. Ukiiwasha, badala ya safu za vijipicha tulizozizoea, kuna vigae vya mraba vyenye rangi moja, vingine vikubwa, vingine vidogo, vilivyotengenezwa vijigeuze vyenyewe kukupa habari mpya. Cha picha bado kinageuka. Cha hali ya hewa kimebaki kitupu.

Betri yake ni BL-5J, ileile ya Nokia C3 na 5230, na fundi anasema hajawahi kuikosa akiagiza. Kioo atakipata kwenye Lumia nyingine iliyokufa. Sehemu ya kuchajia anaibadilisha akiwa anazungumza. Kila kinachoshikika kwenye simu hii kinatengenezeka hapahapa Mbinga.

Hata ilipokuwa mpya ilikuwa na upungufu ambao mtu wa ziwani angeuona siku ya kwanza: haina taa ya kamera, maana yake haina tochi. Kamera ya mbele nayo haina. “Simu ya ngalawani bila tochi!” fundi alisema, akatikisa kichwa. “Lakini watu waliinunua kwa sura.”

Tukiwa hapo akaingia mama mmoja anayepandisha usipa kutoka Mbamba Bay. Mkononi alikuwa na Lumia nyeusi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe unazifungua hizi. Aliniachia kijana wangu, na namba za kufungulia kashazisahau.”

“Naifungua, mama. Ila ikifunguka itakuwa imesahau kila kitu.”

“Na picha za harusi?”

Fundi alivua kifuniko, akatoa memori kadi, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Nyimbo za kwaya zilijaa, picha hazikuwepo. Kama zipo, ziko kwenye simu yenyewe, nyuma ya nywila, na ule ufunguo wa vidole vinne ungezifuta. Alimweleza hivyo, taratibu, mara mbili. Mama akaitazama simu, akaomba irudishiwe kadi yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Fundi hakudai hata senti. Kama kuna mtu mahali fulani anayeweza kuzitoa picha hizo, hakuna aliyemjua pale dukani.

Historia ya Lumia kuachwa ni fupi. Mwaka 2011 Nokia iliamua simu zake kubwa ziendeshwe na Windows Phone ya Microsoft. Aprili 2014 Microsoft ikakamilisha kuinunua biashara hiyo ya simu, na Julai 2015 ikafuta kwenye vitabu vyake dola bilioni 7.6 kama hasara. Windows Phone 8.1 iliacha kupata marekebisho Julai 2017. Desemba 2019 duka lake la programu likafungwa, na siku ya mwisho ya mwezi huohuo WhatsApp ikaondoka.

Kuna kejeli ambayo fundi haichoki. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima. Watu walibonyeza *#06#, wakatuma tarakimu zilizotokea kwenda 15090, wakasubiri hukumu. Lumia zilipita bila wasiwasi, zilikuwa halisi. “Feki ilizimwa na serikali,” anasema. “Halisi ikaja kuzimwa na mwenyewe aliyeitengeneza. Sasa niambie, aliyenunua feki na aliyenunua halisi wana tofauti gani leo?”

Nilimjibu kwamba tofauti ipo: Lumia bado inapiga, inatuma ujumbe, na ukibonyeza *150*00# M-Pesa inafunguka. Alikubali, na hapo ndipo akanipa somo. Menyu ile haikai kwenye simu. Inakaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Kioo kinaonyesha maandishi tu na kurudisha namba uliyochagua. Kwa hiyo kitochi cha bei ya chini na Lumia ya njano vinatuma pesa sawasawa, na vyote viwili vitaendelea kutuma maadamu mtandao wa kuvibeba upo. Programu inayokaa ndani ya simu ndiyo inayomhitaji mtu wa kuihudumia.

Mavuno ya kahawa yakishalipwa, wakulima wa Litembo na Mbuji humletea simu aziangalie kabla hawajatoa pesa. Hatazami kamera kwanza. Anafungua mipangilio na kusoma tarehe ya apdeti ya mwisho. Anamuuliza mteja anatumia programu gani, kisha anazitafuta kwenye duka la simu hiyo, moja moja. Halafu anauliza swali ambalo wengi hulichukulia mzaha: ikifutwa leo, hizi zote zitarudi?

Kwa kipimo hicho, Smart Kitochi ya Vodacom, inayoendeshwa na KaiOS, ilipita vizuri ilipotoka: bei ndogo, chaji inadumu, WhatsApp imo. Mwaka 2024 WhatsApp ikaacha kupakuliwa kwenye KaiOS. Huawei ni kesi nyingine. Tangu 2019, vikwazo vya Marekani vimezinyima simu zake mpya huduma za Google, lakini kampuni haijaondoka, na duka lake la programu lina watu wanaolihudumia. “Hapo mwenye nyumba yupo,” fundi anasema, “ila kuna wageni hawaruhusiwi kuingia. Nampa mteja ukweli huo, anaamua mwenyewe.”

Lakini hata Android huachwa. Toleo likizeeka, WhatsApp nayo hulikataa. Hilo halikumsumbua. “Kifo cha wengi harusi,” alisema. “Android ikifa, tunakufa nayo mafundi wote, na lazima mmoja atatafuta dawa na kuisambaza. Lumia ilikufa peke yake.”

Kwenye sanduku la simu mpya utasoma ukubwa wa betri, ukubwa wa memori na uwezo wa kamera. Kwa nini lisiandike pia mwaka ambao mtengenezaji ataacha kuihudumia? Maziwa ya pakiti yana tarehe, dawa ina tarehe. Na mtengenezaji akishaondoka, kwa nini asiuache ufunguo wa kweli, ule utakaomwezesha fundi wa Mbinga kuweka mfumo mwingine ndani ya mwili ambao bado ni mzima? Nilimuuliza fundi nani hasa anapaswa kulidai hilo, TCRA, wenye maduka au sisi wanunuzi.

“Mimi hilo la nani sijui,” alisema. “Ila ningemuuliza muuzaji kabla sijalipa. Akisema hajui, napunguza bei.”