Makabati ya jikoni Muscat: Mbao au aluminiamu?

Anayekarabati jiko lake mjini Muscat huenda akajikuta Ghala, katika wilaya ya Bausher, kusini ya barabara kuu ya Sultan Qaboos. Hapo karakana za maseremala, wauzaji wa vifaa vya ujenzi na mafundi wa magari wamepakana. Kwa msemaji wa Kiswahili jina lenyewe husikika kama mahali pa kuwekea akiba, na kwa kweli akiba ya miaka kadhaa ya familia inaweza kuishia hapo kwa siku moja.

Swali la kwanza ambalo mteja huulizwa ni la rangi. Linalopaswa kutangulia ni la maji.

Muscat ni mji wa pwani. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari huingia majumbani kila kiyoyozi kinapozimwa. Sakafu ya jikoni nayo, kwa desturi za huko kama zilivyo za Unguja na Mombasa, huoshwa kwa maji mengi badala ya kupanguswa tu. Isitoshe kuna mafuriko. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliyaingiza maji ya mabonde katika nyumba nyingi za mji mkuu, na Kimbunga Shaheen cha Oktoba 2021 kikakumbusha kwamba jambo hilo halikuwa la mara moja.

Katika mazingira hayo, bodi iliyoshindiliwa kwa unga wa mbao, maarufu kwa jina la MDF, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Ni laini, hupakwa rangi vizuri na bei yake ni nafuu. Lakini maji yakipenya kwenye ukingo usiozibwa, hufura, na ikishafura hairudi tena katika unene wake. Chipubodi ina udhaifu huohuo. Kuna bodi zilizotiwa dawa ya kustahimili unyevu, ambazo mara nyingi hutambulikana kwa rangi ya kijani ndani yake. Hata hizo hazikutengenezwa kukaa ndani ya maji. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kumwomba fundi kipande kilichobaki, kukitia katika ndoo ya maji usiku kucha na kukitazama asubuhi.

Plaiwudi huvumilia zaidi, hasa ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, kwa kuwa ni tabaka za mbao halisi zilizopishanishwa. Mbao nzima, kama vile msaji, hupendeza na hudumu, ila gharama yake huwafanya wengi waitumie kwenye milango pekee.

Aluminiamu imepata wateja wengi katika nchi za Ghuba kwa sababu zinazoeleweka: haiozi, haifuri, na mchwa hawaitaki. Hata hivyo, ile nyembamba hubonyea na milango yake hupiga kelele. Lililo muhimu zaidi ni kuuliza kilichomo ndani ya fremu. Baadhi ya makabati yanayouzwa kwa jina la aluminiamu yana paneli za unga wa mbao katikati, na hapo mnunuzi huwa amelipia sifa asiyoipata. Skrubu na bawaba nazo ziwe za chuma cha pua, kwani hewa ya chumvi huanza kazi yake huko.

Afya nayo inahusika. Gundi za bodi nyingi hutoa fomaldehaidi, kemikali ambayo mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Alama ya E1 kwenye bodi huonyesha kwamba kiwango kinachotoka kimewekewa mpaka.

Kisha huja vipimo, na hapa ndipo familia zenye asili ya Zanzibar hujuta baadaye. Kabati la ukutani kwa kawaida lina kina cha sentimita 30 hadi 35. Sinia la kulia watu watano halimo. Sufuria ya biriani ya sikukuu haimo, na mbuzi ya kukunia nazi, ikiwa bado inatumika, haina pa kusimama. Inafaa vyombo vikubwa vipimwe nyumbani kabla ya kwenda Ghala, na nafasi moja ndefu ya wima iachwe kwa masinia. Bizari na hiliki zisiwekwe juu ya jiko, kwani mvuke huziharibu. Makabati ya chini yasimame kwenye miguu ya plastiki ya sentimita 10, ili maji ya kuoshea yapite chini.

Mafundi wengi wanatoka India, Pakistan na Bangladesh. Mteja wa Kiswahili akisema almari ataeleweka, kwa kuwa neno hilo wanalo wote. Mengine yaandikwe: unene wa bodi, ambao milimita 18 ni kipimo kizuri kwa mwili wa kabati, aina ya bawaba, na kama bei ni ya mita ya urefu au ya mraba. Iulizwe pia kama imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza Aprili 2021. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi hadi kila mlango umefunguliwa na kufungwa, na tundu la bomba la gesi liwe limetobolewa mahali pake, kwa maana mtungi hukaa salama zaidi nje ya jiko.