Chembe Zinapozidi Katika Damu

Ukijikata na kisu ukifungua belo la mitumba hapa Gikomba, damu huganda kwa kazi ya chembe ndogo ziitwazo pleteleti. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Kuna watu ambao uboho wao huzitengeneza kupita kiasi, na damu yaweza kuganda ndani ya mishipa, ikaleta kiharusi. Wengine huumwa kichwa au nyayo huwaka moto. Wengine hawasikii kitu.

Si kurogwa, wala hauambukizi. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba karibu nusu ya wagonjwa wana badiliko katika jeni ya JAK2.

Lakini usishtuke kwa kipimo kimoja tu: upungufu wa madini ya chuma, au maambukizi, pia huzipandisha. Kipimo kirudiwe.

Wengi huishi miaka mingi kwa aspirini kidogo, na wengine huongezewa haidroksiyurea. Shida ni kwamba mtu hujisikia mzima, kodi ya nyumba inangoja, basi dawa anaacha. Chembe hupanda tena kimya kimya. Aspirini nayo usijianzishie dukani, maana chembe zikizidi mno waweza pia kutokwa damu ovyo. Na mama anayetaka mtoto amwambie daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu haidroksiyurea yaweza kumdhuru mtoto tumboni.